SOMO LA AFYA KAZINI: DAWA YA SONONA, MAUDHI HUJA KWANZA, NAFUU HUJA BAADAYE



Katika viwanda na mashamba yetu wako wenzetu waliopewa vidonge vya amitriptilini kwa ugonjwa wa sonona. Wengine humeza siku nne au tano, wakaona kinywa kimekauka, usingizi umezidi na huzuni iko pale pale, wakavitupa. Wengine huendelea kumeza kimya kimya huku wakisinzia kando ya mashine, mpaka msimamizi anawaandikia barua ya uvivu. Hasara zote mbili zatokana na kutojua jambo moja: maudhi ya dawa hii huja kwanza, na nafuu yake huja baadaye. Yatupasa tulijue jambo hilo, anayetumia dawa na asiyetumia.

1. UGONJWA WENYEWE

Sonona si huzuni ya kawaida. Mtu aliyefiwa au aliyekatwa mshahara huhuzunika, na huo si ugonjwa. Tunasema sonona pale mtu anapokaa majuma mawili au zaidi, karibu kila siku, akiwa na majonzi au hana hamu ya jambo lolote. Na pamoja na hayo usingizi umevurugika, chakula hakipiti, nguvu zimekwisha, fikra hazitulii, anajiona hana thamani, au anawaza kifo. Mara nyingi mgonjwa hasemi kuwa ana huzuni. Husema kichwa kinauma, mgongo unauma, mwili umechoka.

Sonona iliyo nyepesi hutibiwa kwanza kwa mazungumzo na msaada wa watu. Vidonge ni kwa ile iliyomlemea mtu hata kazi na nyumba vikamshinda.

2. DAWA HUFANYA NINI

Mwaka 1957 daktari Roland Kuhn wa hospitali ya Münsterlingen, Uswisi, alitangaza kuwa dawa iitwayo imipramini iliwainua wagonjwa wa sonona. Amitriptilini ni ndugu ya dawa hiyo, nayo ilianza kutumika mwaka 1961. Shirika la Afya Duniani lilipotoa orodha yake ya kwanza ya dawa za lazima mwaka 1977, amitriptilini ilikuwamo, na hadi leo imo.

Ubongo hupelekeana habari kwa kemikali, na mbili kati yake ni serotonini na noradrenalini. Dawa hii huzuia kemikali hizo zisirudishwe upesi zilikotoka. Kazi hiyo huanza mapema, lakini ubongo huchukua majuma kadhaa kuzoea hali mpya, ndipo mtu huanza kuchangamka. Si kileo, wala haimfanyi mtu aitamani kama pombe.

Tukumbuke pia kwamba kwa dozi ndogo dawa hiyo hiyo hutolewa kwa maumivu ya neva na kuzuia kipandauso. Kwa hiyo ukimwona mwenzako na vidonge hivi, usikimbilie kumpa jina la mgonjwa wa akili. Na hata kama ni sonona, ni ugonjwa kama mwingine.

3. MWENDO WA MATIBABU

Majuma mawili ya kwanza: Mara nyingi mganga huanza na miligramu 25 wakati wa kulala, akapandisha polepole. Kinywa hukauka, choo huwa kigumu, usingizi huzidi, macho huona ukungu kwa vitu vya karibu. Kunywa maji, kula mboga na matunda, wala usijipunguzie dozi. Lakini ukishindwa kukojoa, ukizimia, au moyo ukienda mbio vibaya, rudi hospitali siku hiyo hiyo.

Juma la 4 hadi la 6: Hapo ndipo pa kuipima dawa. Usingizi na hamu ya chakula huweza kurudi mapema zaidi. Kama hakuna nafuu yoyote, mganga ndiye wa kubadili dozi au dawa.

Baada ya kupona: Endelea kumeza kwa miezi 9 hadi 12 tangu dalili zilipokwisha. Anayeacha mara tu aonapo nafuu huurudisha ugonjwa. Wakati wa kuacha ukifika, dozi hupunguzwa kidogo kidogo; ukikata ghafla utapata kichefuchefu, kichwa kuuma na kukosa usingizi.

4. HATARI MAHALI PA KAZI

Kidonge cha usiku huweza kuacha usingizi mpaka asubuhi. Mwendesha trekta, mlisha miwa kwenye mashine ya kukamulia, mwenye msumeno na mpanda ngazi wamo hatarini. Dawa hii pia huteremsha presha mtu anapoinuka ghafla: mpaliliaji aliyeinama muda mrefu ainuke polepole, asije akaanguka juu ya panga lake. Tena hupunguza jasho, na asiyetoka jasho hupatwa na joto upesi; afanyaye kazi juani au karibu na tanuri apate maji na kivuli. Waragi na pombe nyingine huzidisha usingizi kwa kiasi cha hatari.

Ziko dawa nyingine za sonona, kama fluoksetini, ambazo hazileti usingizi sana. Mweleze mganga unafanya kazi gani, kisha umwulize kama dawa hiyo ipo na yakufaa.

5. MAMBO YA KUMWAMBIA MGANGA

Mwambie kama una ugonjwa wa moyo, kifafa, presha ya macho au shida ya kukojoa. Kama una mimba au unanyonyesha. Na kama uliwahi kuwa na vipindi vya kuchangamka kupita kiasi bila kulala. Mwambie pia kama unameza tramadoli kwa maumivu, kwani zikichanganyika huongeza hatari ya degedege. Ukishikwa na malaria tibiwa upesi, lakini taja kuwa unatumia amitriptilini, maana baadhi ya dawa za malaria nazo hugusa mapigo ya moyo.

Vidonge vingi kwa mara moja huvuruga moyo na huua. Vifungiwe mbali na watoto. Mwenye mawazo ya kujiua asikae na akiba kubwa. Ndugu wa kuaminika amtunzie na kumpa siku kwa siku. Katika majuma ya kwanza, hasa kwa vijana, mawazo hayo huweza kuzidi. Mwenzetu wa namna hiyo asiachwe peke yake, apelekwe kwa mganga.

6. WAJIBU WA TAWI

Hapa Uganda, Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 yampa mfanyakazi aliyetimiza mwezi mmoja kazini mshahara kamili kwa mwezi wa kwanza wa ugonjwa, mradi amjulishe mwajiri na kutoa cheti cha daktari kikitakiwa. Lakini mwezi wa pili ukiisha naye bado mgonjwa, mwajiri aweza kuvunja mkataba. Hebu tupige hesabu: dawa yataka majuma 4 hadi 6 kabla ya kupimwa, na sheria inatoa miezi miwili. Mfanyakazi anayetupa vidonge juma la kwanza, kisha akaanza upya juma la tano, amejipotezea muda wake wote.

Kwa hiyo mwakilishi wa wafanyakazi asingoje barua ya kufukuzwa. Kwa ridhaa ya mgonjwa, na bila kuutaja ugonjwa wake mbele ya watu, amwombe mwajiri amtoe kwenye mashine na zamu ya usiku kwa majuma ya mwanzo, akiwa na barua ya daktari isemayo tu kwamba dawa yake huleta usingizi. Wengi hawahitaji kulala nyumbani. Wahitaji kazi isiyo na hatari mpaka mwili uzoee.

Wala tusidanganyike kwamba kidonge kinaponya kila kitu. Kama kinachomlemea mtu ni mshahara usiofika au msimamizi anayemtukana kila siku, dawa humpa nguvu ya kusimama tena, lakini madai hayo ni kazi ya chama.

MASWALI YA KUJADILI TAWINI

1. Kwa nini mgonjwa huona maudhi ya dawa kabla ya nafuu?
2. Ni kazi zipi mahali petu ambazo mtu mwenye usingizi hapaswi kupewa? Ziandikeni.
3. Ni nani tawini awezaye kutunza siri ya mgonjwa na kusema kwa niaba yake?