Kutibiwa Saratani na Kubaki na Titi

Wanawake wengi wakigusa uvimbe kwenye titi hukaa kimya. Hofu yao si ugonjwa tu. Husema, "Nikienda hospitali nitakatwa titi." Basi hungoja mwezi, hungoja mwaka. Uvimbe nao haungoji.

Leo tutajifunza juu ya upasuaji unaoondoa uvimbe na kuacha titi. Tutaona pia kwa nini wagonjwa wengine huridhika nao, na wengine hujuta.

ZAMANI NA SASA

Mwaka 1882 daktari wa Marekani, William Halsted, alianza kutibu saratani kwa kuondoa titi lote, pamoja na misuli ya kifua na tezi za kwapani. Madaktari wengi walifuata njia hiyo kwa miaka mingi.

Mwaka 1973 Daktari Umberto Veronesi na wenzake wa mji wa Milan, Italia, walianza kupima njia nyingine. Wanawake 701 wenye uvimbe usiozidi sentimita 2 waligawanywa makundi mawili. Kundi moja waliondolewa titi lote. Kundi la pili waliondolewa sehemu ya titi, kisha wakapigwa mionzi. Baada ya miaka 20, waliokufa kwa ugonjwa huo au kwa sababu nyingine walikuwa karibu sawa: kama 41 katika kila 100, kwa makundi yote mawili. Maana yake, kubaki na titi hakukupunguza maisha.

Lakini mionzi ina kazi yake. Huko Marekani Daktari Bernard Fisher alianza kupima jambo hilo mwaka 1976. Kati ya kila wanawake 100 walioondolewa uvimbe bila mionzi, saratani ilirudi kwenye titi lile lile kwa wanawake 39 katika miaka 20. Waliopigwa mionzi, ilirudi kwa 14.

WAGONJWA WANASEMAJE?

Wengi waliobaki na titi hufurahi. Huvaa nguo zao kama kawaida. Huoga na wenzao bila kujificha.

Wengine hawafurahi. Titi limekuwa dogo kuliko la pili, au limekuwa gumu kwa sababu ya mionzi. Wengine mkono huvimba, kwa kuwa tezi za kwapani zimetolewa. Na wengine huishi na hofu kwamba ugonjwa utarudi.

Tangu mwaka 2009 madaktari wa nchi mbalimbali wana orodha ya maswali iitwayo BREAST-Q. Mgonjwa mwenyewe ndiye anayejibu. Huulizwa anavyoliona titi lake kwenye kioo. Tena huulizwa kama alielezwa vya kutosha. Kumbe kuridhika si jambo la kovu peke yake. Anayeelezwa mapema hujiandaa. Asiyeelezwa hushtuka, na ndipo majuto huanza.

Tuchukue mfano huu wa mazungumzo hospitalini.

Daktari: Shikamoo mama.

Mama: Marahaba mwanangu. Je, titi langu litaondoka lote?

Daktari: Uvimbe wako bado mdogo, mama. Tunaweza kuutoa pamoja na nyama kidogo pembeni yake. Kisha utapigwa mionzi.

Mama: Hiyo mionzi ni siku moja?

Daktari: Hapana mama. Ni siku tano kwa wiki, kwa wiki kadhaa. Hapa Tanzania inapatikana katika hospitali chache, kama Ocean Road, Dar es Salaam, na Bugando, Mwanza.

Mama: Mimi natoka mbali. Nitalala wapi? Na shamba atapalilia nani?

Daktari: Hayo ndiyo ya kusema sasa, kabla ya kisu. Kama huwezi kukaa mpaka mionzi iishe, kuondoa titi lote kunaweza kuwa salama zaidi.

Mama: Na titi litakalobaki litakuwa kama zamani?

Daktari: Sikudanganyi, mama. Litakuwa na kovu, na huenda likapungua.

Mama: Basi nipe siku mbili nikazungumze na mzee na wanangu.

Mama huyu ameuliza vizuri. Hata akichagua kuondoa titi lote, hajakosea. Amechagua akiwa anajua.

WAHI MAPEMA

Uvimbe ukiwa mkubwa, au ugonjwa ukienea, mara nyingi nafasi ya kuchagua huondoka. Kwa hiyo nenda hospitali mara uonapo dalili hizi:

1. Uvimbe kwenye titi au kwapani, hata kama hauumi.
2. Chuchu inayoingia ndani, au inayotoa damu.
3. Ngozi ya titi iliyo kama ganda la chungwa.

Nanyi akina baba, msimwache mama aende peke yake. Nauli, chakula na palizi ni sehemu ya dawa. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

MASWALI

1. Kwa nini mionzi hutolewa baada ya kuondoa uvimbe?
2. Taja mambo mawili yanayoweza kumfanya mgonjwa asiridhike.
3. Jirani yako amegusa uvimbe na anaogopa kukatwa titi. Utamwambia nini?