Somo: Apewe Chakula

(Kusoma: Marko 5:35-43, 1 Wafalme 19:1-8)

Binti wa Yairo alipoamka, Bwana aliagiza apewe chakula. Sisi tunashangilia muujiza, na juu ya sahani tunapita upesi.

Tunasema hivi kwa sababu ya surua. Mwaka 2019 ilienea katika majimbo yote 26 ya inchi yetu, na kufika mwanzo wa 2020 watu zaidi ya 6,000 walikuwa wamekufa, wengi wao watoto. Ebola ya Kivu na Ituri, iliyotutia woga sana, haikufikisha nusu ya hesabu hiyo.

Mtoto akitoka vipele, wazee wanasema: asipewe mafuta, asipewe samaki. Anabaki na uji wa maji. Sisi mashemasi tulikuta mmoja wa miaka miwili namna hiyo, macho yamefungwa na usaha, na mama yake hajalala siku tatu. Wote wawili walikuwa wanakwisha.

Virusi vikiingia, waaskari wa damu wanawasha moto: homa, wekundu, uvimbe. Moto huo ni silaha, lakini unakula kuni nyingi, ndiyo kusema nguvu na nyama za mwili, wakati mtoto hana hamu ya kula. Mwenye njaa anaishiwa kuni. Waaskari wake ni wachache, virusi vinadumu, na moto usiozimika unaunguza mapafu yenyewe. Tena surua inamaliza akiba ya vitamini A, ambayo inalinda macho, koo, mapafu na matumbo. Ndiyo maana wengine wanapofuka, wengine wanakufa kwa nimonia au kuhara. Hata akipona, waaskari wanasahau magonjwa waliyoyajua zamani, na kwa miezi mingi anashikwa upesi.

Kwa hiyo katika kituo cha afya anapewa vitamini A siku mbili kufuatana. Wa mwaka mmoja na zaidi, yuniti 200,000 kila siku. Musijigawie nyumbani, kwa maana ikizidi ni sumu. Nyumbani apewe sombe, lengalenga, ndagala zilizotwangwa, na mawese mekundu. (Wale wanaochoma mawese mpaka yawe meupe, wanachoma dawa yenyewe.)

Na mahangaiko? Mwaka 1991 Sheldon Cohen na wenzake walitangaza jaribio lililofanywa Uingereza: watu wazima 394 wenye afya walitiwa virusi vya mafua puani, na wenye mahangaiko mengi walishikwa zaidi. Hofu ikikaa siku nyingi, mwili unatoa kortisoli nyingi, nayo inalegeza waaskari. Eliya alipomwogopa Yezebeli alilala chini ya mti akiomba kufa. Malaika hakumkemea. Alimpa mkate na maji, akalala tena, akamlisha mara ya pili.

Basi, mgonjwa na mama anyonyeshaye wasifunge; sisi wazima tutafunga kwa ajili yao. Maombi ya usiku yasimnyime mgonjwa usingizi. Wala tusimwambie mama kwamba mtoto ameugua kwa dhambi yake, maneno hayo tumeyasikia hata kati yetu. Chanjo ya surua inaanza miezi 9; wasiopeleka watoto waje tuongee.

Yule mtoto tulimpeleka kwa baiskeli. Mama mmoja wa kanisa alibaki kule, akapikia wadogo wengine ili mama yao alale. Mtoto alipona, ila jicho la kushoto halioni vizuri.