Kifaranga wa Gramu 5 Kabla ya Baridi ya Juni

Mvua ya masika inapoanza kupungua Embu na Meru, wafugaji wengi hukimbilia vifaranga vya samaki aina ya ngege. Bwawa limejaa, samadi imeshatiwa, maji yanageuka kijani. Kila kitu kiko tayari isipokuwa msimu. Kifaranga mchanga anayeingia bwawani mwishoni mwa Mei hukutana na baridi ya Juni hadi Agosti kabla hajapata mwili wa kuihimili.

Jambo hili limepimwa na Mkenya. Harrison Charo-Karisa, aliyekamilisha shahada ya uzamivu mwaka 2006 katika Chuo Kikuu cha Wageningen, Uholanzi, aliwafanyia utafiti ngege wa Mto Nile waliofugwa Misri. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2005, maji yalipozwa hatua kwa hatua. Vifaranga wenye uzito chini ya gramu 5 ndio walioshindwa upesi. Uwezo wa kustahimili baridi ulirithiwa kwa kiwango kidogo tu, kwa hiyo mfugaji asingoje mbegu mpya ije kumwokoa. Akuze kifaranga kwanza.

Ngege hana joto lake mwenyewe. Mwili wake hufuata maji. Hustawi kwenye nyuzi 25 hadi 30 za Selsiasi. Maji yakishuka karibu na 17, huacha kula, na chakula anachoendelea kutupiwa huoza chini ya bwawa na kumaliza hewa ya oksijeni. Hapo mfugaji hupoteza mara mbili.

Mpango wa serikali ya Kenya wa ufugaji wa samaki wa mwaka 2009 ulilenga mabwawa 200 katika kila moja ya maeneobunge 140, kila bwawa mita za mraba 300, kwa vifaranga 1,000. Kipimo kilikuwa kimoja, lakini maji ya Mbeere au Mitunguu si sawa na ya mashamba ya majani chai juu ya Manyatta. Wa Mbeere ana nafasi kubwa zaidi ya kuendelea mwaka mzima. Wa juu lazima aende na kalenda.

Kwake yeye, vifaranga viingie kwenye chandarua cha kulelea mwezi Februari au Machi. Kabla ya kuvihamishia bwawani, avihesabu 100 na kuvipima pamoja: vikifika nusu kilo, vimefikia wastani wa gramu 5. Baridi ikiingia, afunge mfereji unaoleta maji ya mlimani mfululizo, aongeze tu yale yaliyopungua, na kina kisishuke chini ya mita 1. Kipimajoto kisomwe alfajiri na saa tisa alasiri. Chakula kisitolewe asubuhi na mapema. Kingoje saa nne, maji yakishapata jua.

Aliye nyanda za juu na hana vifaranga vya uzito huo kufikia mwisho wa Mei, asinunue wakati huo. Asubiri Septemba.