Upasuaji wa Hitilafu ya Chiari: Manufaa na Madhara Yanayoweza Kujitokeza

Mtu akikohoa, akipiga chafya au akijikamua haja kubwa, msukumo ndani ya kichwa hupanda kwa muda mfupi, na sehemu ya majimaji yanayouzunguka ubongo huteremkia mgongoni bila kizuizi. Kwa baadhi ya watu njia hiyo imezibwa kwa kiasi fulani. Kila wakohoapo, maumivu makali huwashika kisogoni na kushuka shingoni, kisha hutulia baada ya muda mfupi. Baadhi yao hutibiwa kwa miaka kama wagonjwa wa kipandauso au wa macho, hadi kipimo cha MRI kinapoonyesha chanzo chenyewe, yaani hitilafu ya Chiari.

Hitilafu hii ni nini?

Jina hilo limetokana na Hans Chiari, mwanapatholojia wa Austria aliyeieleza mwaka 1891 alipokuwa akifanya kazi Prague. Katika aina ya kwanza, inayozungumziwa hapa, ncha za chini za ubongo mdogo hushuka na kupita katika tundu kubwa lililo chini ya fuvu, aghalabu kwa milimita 5 au zaidi. Aina ya pili huambatana na mgongo wazi kwa watoto na ina taratibu zake za matibabu.

Ncha hizo zikibana tundu, majimaji huweza kukusanyika ndani ya ugwe wa mgongo, yaani ile kamba ya neva ipitayo ndani ya pingili. Hali hii huitwa siringomielia. Mgonjwa hupoteza hisia ya moto na baridi mikononi ilhali hisia ya mguso imebaki. Mama jikoni huweza kushika sufuria ya moto na asitambue kuwa ameungua hadi aone lengelenge. Baadaye misuli ya viganja hukonda na mikono huishiwa nguvu. Dalili nyingine ni kuyumba, kupaliwa wakati wa kula, sauti kukwaruza na pumzi kukatika usingizini. Kwa watoto, mgongo huweza kupinda.

Nani afanyiwe upasuaji?

Si kila aliye na hitilafu hii huhitaji kisu. Wapo wanaogunduliwa kwa bahati, walipopimwa kwa sababu nyingine; hao kwa kawaida hufuatiliwa tu. Tena, urefu wa ncha zilizoshuka haulingani na ukali wa dalili. Upasuaji hupendekezwa pale dalili zinapomsumbua mgonjwa na kuafikiana na picha, au pale majimaji ndani ya ugwe yanapoongezeka. Kabla ya hapo ni lazima kuhakikisha kwamba maji hayajajaa kichwani, kwani yakiwapo, hayo ndiyo hutangulia kutibiwa.

Upasuaji hufanywaje?

Mgonjwa hupewa dawa ya usingizi na kulazwa kifudifudi. Daktari huondoa kipande kidogo cha mfupa wa kisogoni pamoja na upinde wa nyuma wa pingili ya kwanza ya shingo, ili nafasi ipanuke. Mara nyingi hufungua pia utando mgumu unaofunika ubongo na kuushonea kiraka. Kuufungua utando hutoa nafasi zaidi, na hupunguza uwezekano wa kurudia upasuaji. Lakini huongeza hatari ya majimaji kuvuja. Kutoufungua ni salama zaidi kwa upande huo, ila nafuu huenda isitoshe. Uamuzi hutegemea mgonjwa, hasa kama ana siringomielia.

Madhara yanayoweza kujitokeza

Katika saa 48 za mwanzo, hofu kubwa ni damu kuvuja ndani ya kichwa na pumzi kulegea, kwa kuwa kituo kinachoongoza upumuaji kipo karibu na eneo lililopasuliwa. Mgonjwa anayezidi kusinzia, kutapika mfululizo au kupumua polepole asidhaniwe kuwa bado amelewa dawa ya usingizi. Daktari aitwe mara moja. Kuumia kwa mishipa ya damu au neva, kiharusi na hata kifo ni madhara ya nadra, lakini mgonjwa ana haki ya kuyajua.

Katika siku na wiki zinazofuata, dhara linalojulikana zaidi ni kuvuja kwa majimaji ya ubongo. Huonekana kama maji meupe yanayolowesha bandeji, au kama uvimbe laini chini ya kidonda unaojaa mgonjwa akikohoa. Kubadilisha bandeji pekee hakutoshi, kwa maana njia inayotoa maji ndiyo inayoingiza vijidudu. Uvimbe huo usichomwe sindano katika zahanati. Uti wa mgongo, kwa maana ya homa, huweza kufuata. Pia utando huweza kuvimba bila vijidudu kutokana na damu au kiraka, na dalili hufanana. Ni vipimo tu vinavyotofautisha.

Miezi au miaka baadaye, maji huweza kujaa kichwani, kovu huweza kuziba njia tena, na shingo huweza kupoteza uthabiti. Mfupa ulioondolewa ukizidi kiasi, ubongo mdogo wenyewe huweza kuporomokea katika uwazi huo.

Tahadhari kwa wahudumu wa afya

Kutoa maji mgongoni kwa sindano kwa mgonjwa wa Chiari huweza kuzididimiza zaidi ncha zilizoshuka. Kisifanyike kabla ya picha ya kichwa na ushauri wa daktari wa upasuaji wa ubongo. Inapodhaniwa kuwa ni uti wa mgongo, dawa za kuua vijidudu zisicheleweshwe kwa kusubiri sindano hiyo.

Matarajio ya mgonjwa

Maumivu ya kichwa yanayoletwa na kukohoa ndiyo yanayopona vizuri zaidi. Ganzi ya muda mrefu na misuli iliyokwisha kukonda huenda visirudi kama awali. Lengo la upasuaji kwa dalili hizo ni kuzuia zisiendelee, na ndiyo sababu kuchelewa kuna gharama.

Nchini Tanzania, upasuaji wa ubongo hupatikana katika hospitali chache, mathalani Taasisi ya Mifupa Muhimbili, na wagonjwa wengi hurudi makwao mikoani. Inafaa mgonjwa aondoke na barua inayoeleza kama utando ulifunguliwa, pamoja na namba ya simu ya wodi. Arudi bila kungoja kliniki iwapo atapata homa, shingo kukakamaa, maji kidonda kikitoa, uvimbe unaokua, kutapika, au maumivu ya kichwa yanayozidi siku hadi siku. Na kabla ya kutia saini fomu ya ridhaa, amwulize daktari maswali matatu: dalili ipi inatarajiwa kupona, ipi huenda isipone, na nini kitatokea asipopasuliwa.