Kuongoza kwa Kuanzia na Kilichopo: Nguvu za Watu Kazini, Gatumba

Uongozi chanya ni ule unaouliza kwanza kila mtu kazini anafanya nini vizuri, ndipo uulize amepungukiwa na nini, kisha ukapanga majukumu kwa kufuata jibu la swali la kwanza. Kuwachekea watu kutwa nzima ni jambo jingine kabisa. Peter Drucker alilitetea wazo hili katika kitabu chake cha mwaka 1967 kuhusu utendaji wa mameneja, naye Christopher Peterson na mwenzake Martin Seligman, mwaka 2004, wakaorodhesha nguvu 24 za tabia, zikiwemo udadisi, ushujaa na uadilifu.

Gatumba, mji mdogo ulio kati ya Bujumbura na mpaka wa Kongo katika uwanda wa mto Ruzizi, ina sababu yake ya kulihitaji wazo hilo. Tangu mafuriko ya Aprili 2020, yaliyowatoa maelfu ya watu majumbani mwao, wageni wenye madaftari wamekuwa wakija kuuliza wenyeji wanahitaji nini, na mtu anayeulizwa upungufu wake mwaka baada ya mwaka huishia kujitambua kwa orodha hiyo. Kiongozi wa ushirika wa wavuvi, wa duka la mpakani au wa kituo cha afya hurithi mazoea hayo bila kujua, akafungua kila mkutano kwa makosa ya wiki iliyopita.

Mfano wa njia nyingine haupo mbali. Shirika la Msalaba Mwekundu la Burundi limejijenga kwa vikundi vya watu wa kujitolea katika kila kilima, yaani ngazi ya chini kabisa ya utawala, ambako wanachama hawalipwi mshahara bali huchangia walicho nacho: mikono ya kujenga upya nyumba ya mjane, mavuno kidogo, au muda wa kumpeleka mgonjwa hospitalini. Msingi wake ni wa zamani kuliko shirika lenyewe, kwa kuwa Warundi wanaujua ushirikiano wa kazi uitwao ikibiri, ambamo majirani hulima shamba la mmoja leo na la mwingine kesho.

Hatua ya kwanza kwa kiongozi ni kuzitambua nguvu za watu wake, na hapa ndipo wengi hukosea, kwa sababu humwuliza mtu ana kipaji gani, ilhali mtu aliyelelewa kuona kujisifu ni aibu atajibu kwamba hana. Afadhali kuuliza ni siku gani kazi ilikwenda vizuri, nani alifanya nini siku hiyo, kisha kuwauliza wenzake, ambao mara nyingi wanamjua kuliko anavyojijua. Ichukuliwe mfano wa kikundi cha akina mama wanaouza ndagala, yaani dagaa wa Tanganyika, hadi Uvira upande wa Kongo: mmoja anajua kupatana bei kwa Kiswahili cha ng'ambo, mwingine hubadilisha faranga za Burundi kwa za Kongo kichwani bila kukosea, wa tatu hugusa samaki tu akajua kama wamekauka sawasawa. Ujuzi huo wote hauna cheti, wala hauonekani katika orodha ya mahitaji.

Hatua ya pili ni kutenganisha heshima na jukumu. Mama mkongwe wa kikundi hupewa uenyekiti kwa umri wake, jambo ambalo ni sawa, lakini akakabidhiwa fedha pia, hali nguvu yake halisi ni kusuluhisha ugomvi. Heshima ya umri haitamsaidia mhasibu asiyeona vizuri. Udhaifu wenye hatari haufumbiwi macho, ila huzibwa kwa utaratibu, kama vikundi vya kuweka na kukopa vinavyotunza akiba katika sanduku lenye kufuli tatu, funguo zikiwa kwa watu watatu tofauti, ili uaminifu wa mmoja usibebe mzigo wa wote.

Hatua ya tatu ni sifa: zitolewe papo hapo na zitaje kitendo.

Kuna hatari moja isiyozungumzwa vya kutosha, nayo ni kwamba mwajiri anaweza kusifia nguvu za wafanyakazi ili asiwalipe, na serikali ikasifia uvumilivu wa wananchi ili isijenge tuta la kuzuia maji. Huo ni ujanja, hata ukiitwa uongozi chanya.

Kwa anayetaka kuanza, orodha ya nani anaweza nini iandikwe katika mkutano ujao na ifanyiwe marekebisho kila wanachama wanapohama, jambo ambalo Gatumba hutokea mara kwa mara. Iwe na nakala mbili, moja ikitunzwa na mwanachama anayeishi mahali ambapo maji hayafiki.