Insha ya Hoja: Uzee na Dawa za Kurudisha Ujana

Swali: "Dawa za kuzuia uzee zina faida kuliko hasara." Jadili.

Mtahiniwa, swali hili huonekana jepesi, na hapo ndipo wengi huteleza. Hutaja methali moja ya kusifu wazee, kisha hulaani dawa zote. Kumbuka kwamba methali zetu hazina sauti moja. "Penye wazee haliharibiki neno" huutukuza uzee, lakini "Ujana ni moshi, ukienda haurudi" huusikitikia ujana. Zitumie zote mbili.

Hoja za kuunga mkono

1. Mzee mwenye afya hujitegemea na huendelea kuisaidia familia.
2. Maradhi mengi ya uzeeni yana tiba. Bibi asiyeona vizuri huambiwa "ni uzee tu", kumbe ana mtoto wa jicho, ugonjwa unaotibika kwa upasuaji.

Hoja za kupinga

1. Hakuna dawa iliyothibitishwa kumrudishia binadamu ujana. Mwaka 1889, daktari Brown-Séquard, mzaliwa wa Morisi, alitangaza jijini Paris kuwa amejidunga maji ya korodani za wanyama na kurudiwa na nguvu. Alikuwa na umri wa miaka 72. Wengi walimwiga, lakini yeye mwenyewe alifariki mwaka 1894.
2. Baadhi ya krimu zinazouzwa kwa ahadi ya kung'arisha ngozi na kuondoa madoa ya uzee huwa na zebaki, ambayo hudhuru figo.
3. Matangazo ya dawa hizi huwafanya watu waone haya mvi zao.

Msimamo

Tenganisha ugonjwa na umri. Ugonjwa utibiwe, umri uheshimiwe. Ukishika tofauti hiyo, hoja za pande zote mbili zitapata mahali pake, na hitimisho lako halitapingana na utangulizi.

Epuka makosa haya

- Kuhubiri badala ya kujadili.
- Kutaja methali bila kuihusisha na hoja.
- Kumaliza bila msimamo.

Zoezi

Andika aya ya utangulizi ya swali hili. Kisha muulize mzee mmoja wa nyumbani kwenu: ni maumivu gani ameyanyamazia akidhani ni uzee tu? Jibu lake litakupa mfano mzuri wa insha. Huenda pia likawa sababu ya kumpeleka zahanati.