Kuku Wadogo wa Uani na Afya ya Mtoto

Mwezi huu tuzungumze juu ya kuku wadogo wa kienyeji. Huko Ole, kisiwani Pemba, kama katika vijiji vingi vya pwani, kuku hawa hushinda uani wakichakura chini ya migomba. Hula kidogo, huatamia vizuri, na baada ya siku 21 vifaranga hutoka. Yai lao ni dogo, lakini ni chakula bora cha kujenga mwili.

Hata hivyo, kuku anayemlisha mtoto anaweza pia kumwuguza. Kinyesi cha kuku, hata anayeonekana mzima, huweza kuwa na vijidudu vya kuharisha. Mtoto anayetambaa hushika kila kitu, kisha hutia mkono mdomoni. Akiharisha mara kwa mara hupungukiwa maji na hukonda. Basi tufanye hivi:

1. Tusiwalaze kuku jikoni wala chumbani. Wengi huwaingiza ndani kwa kuogopa wezi na ngawa. Tuwajengee banda dogo la miti na makuti, lililoinuliwa juu ya ardhi, lenye mlango wa kufunga. Sakafu iwe ya fito zilizoachana kidogo ili kinyesi kidondoke chini. Tukizoe kila asubuhi na kukitia shimoni; kikishaoza ni mbolea.

2. Mtoto achezee juu ya mkeka safi, mbali na kuku. Tunawe mikono kwa sabuni baada ya kushika kuku au mayai mabichi, na kabla ya kumlisha mtoto.

3. Tuwachanje kuku dhidi ya mdondo, ambao wengine huuita kideri. Kuku huharisha kijani, hupinda shingo, na banda zima huweza kumalizika kwa siku chache. Ugonjwa huu hauna dawa. Chanjo ya I-2 ni tone moja jichoni kwa kila kuku mzima, mkubwa au kifaranga, na hurudiwa kila miezi mitatu. Ni vizuri majirani wachanje siku moja. Kuku aliyekufa mwenyewe asiliwe, azikwe.

4. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Kuku aliyenunuliwa gulioni akae peke yake angalau wiki mbili kabla ya kuchanganywa na wenzake, maana huweza kuja na mdondo.

5. Mayai yasiuzwe yote. Mtoto aliyetimiza miezi sita apewe yai lililopikwa likaiva kabisa, kiini na ute, likapondwa katika uji au viazi, huku akiendelea kunyonya.

Mtoto akiharisha, tuendelee kumnyonyesha, tumpe maji ya ORS, na tumpeleke kituo cha afya mapema, hasa akiwa na damu katika choo, macho yaliyodidimia, au akishindwa kunyonya.

Fedha ya mayai husaidia nyumba, lakini yai la kwanza liwe la mtoto.